Gango la Seif Mkononi mwa Emery

Seif Hamdani, mtu wa Tanga, Ngamiani, alizaliwa na hasira zake tayari. Mama yake alisema watoto wengine walitoka wakilia, huyu alitoka akigomba. Johannesburg ikamwongezea. Taa za barabarani, ambazo huko huitwa roboti, alizitukana zikiwa nyekundu, na zikiwa kijani alizitukana kwa kuchelewa. Aligombana na baridi ya Julai. Aligombana na chapati za Fordsburg kwa wembamba wake. Aligombana na watoto wake mwenyewe, waliokuwa wakisemeshwa Kiswahili wanajibu Kiingereza. Ukimkuta ametulia, mguse paji la uso, huenda ana homa.

Kitu kimoja tu kilimtuliza: kujisifu. Na cha kujisifia alikuwa nacho, mtu asimwonee. Seif alifanya usafi chuo kikuu, Braamfontein, katika chumba wanachosomea wanafunzi wa mwili wa binadamu. Kwenye kona ya chumba hicho ilining'inizwa mifupa ya mtu mzima, kamili, kutoka fuvu mpaka vidole vya miguu. Seif alikuwa ameipangusa vumbi miaka kumi na mmoja. Aliipa jina, Bwana Mkavu, na kila asubuhi aliitolea salamu kabla ya kuchukua ufagio.

"Profesa anaijua mifupa kwa kitabu," alisema kwenye meza za chai za Fordsburg. "Mimi naijua kwa kitambaa. Mia mbili na sita, mmoja mmoja. Kati yetu nani ameishika zaidi?"

Na tuseme kweli, swali lenyewe gumu.

Halafu kulikuwa na baba yake. Mzee Hamdani alikuwa muungaji mifupa, anajulikana mpaka Muheza na Pangani. Aliyeteguka alikwenda kwake, aliyevunjika alibebwa kwake. Mzee aliunyoosha mfupa, akaufunga gango: vipande vya mwanzi huku na huku, na juu yake utepe wa ngozi mbichi ya mbuzi, uliolowekwa ukalainika. Asubuhi, Seif mdogo ndiye aliyezishika ncha za ngozi baba akikaza. Mchana alikwenda shule, alasiri madrasa mpaka jioni, akirudi nyumbani keshachoka, anakula analala. Shika hapo, tutaparudia. Shule yenyewe aliiacha darasa la sita. Alikorofishana na mwalimu wa hesabu, na mpaka leo anasema mwalimu ndiye aliyekosea.

Sasa njoo mwaka 2017, Jumamosi moja ya Julai. Rafiki yake Emery, fundi cherehani kutoka Bukavu, alikuwa akiteremka ngazi za jengo moja la maduka pale Fordsburg, jora la kitambaa begani. Ngazi zilikuwa zimetoka kupigwa deki. Jora lilitangulia, Emery akafuata, akaangukia mkono wa kulia. Kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, kikapinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo.

Mkono wa kulia ndio mkono wa mkasi. Fundi akiwa kiwete atashona, akiwa kiziwi atashona, tena vizuri zaidi, maana hatasikia wateja. Lakini Emery bila mkono wa mkasi ni mtu aliyekaa karibu na cherehani. Alilijua hilo akiwa bado chini sakafuni, na jambo la kwanza alilosema halikuwa "nimevunjika." Alisema, "Mkono gani? Niambieni ni mkono gani."

Seif ndiye aliyempeleka kliniki. Wakakaa kwenye benchi tangu saa nne asubuhi. Saa tisa mwanamke wa dirishani akaita, akaitazama karatasi ya ukimbizi ya Emery, akasema tarehe yake imepita, wakae wasubiri, ataulizia. Hakuwafukuza, tuwe waadilifu. Alisema wasubiri. Lakini alisema bila kuinua macho, na Seif alikuwa ameshaiva tangu saa sita.

"Huyu mfupa umekatika, wewe unamsomea tarehe!" alinguruma, kwa Kiingereza chake cha kazini, na kile ambacho Kiingereza hakikutosha akakimalizia kwa Kizulu cha matusi. "Mfupa unajua kusoma kalenda? Eh?"

"Yaya, keti," Emery alimnong'oneza. Kwao Bukavu yaya ni kaka mkubwa. Seif, ambaye kwao yaya ni mlea watoto, alichukua mwaka mzima kuisamehe heshima hiyo. "Keti, nakuomba. Zamu yetu iko karibu."

"Karibu na nini? Na Kiyama? Inuka! Baba yangu hakuwa na dirisha wala benchi, na watu walipona. Inuka twende!"

Mlinzi alikuwa anakuja. Seif akamshika Emery kwenye mkono mzima, akamtoa nje kichwa juu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumapili asubuhi akafika Troyeville, nyumbani kwa Emery, na mfuko kutoka bucha. Ndani yake kulikuwa na ngozi mbichi ya mbuzi, aliyoichana tepe tepe na kuiloweka usiku kucha. Mianzi hakuipata. Akachukua rula ya mbao ya Emery, ile ya kupimia suruali, akaikata vipande vinne.

"Rula yangu!" Emery akalalamika.

"Imekupimia watu miaka tisa, leo ikupime wewe. Nyamaza."

Kuuvuta mfupa, lazima asifiwe, aliuvuta vizuri. Mkono ukanyooka, Emery akalia kilio cha mtu mzima asiyetaka mkewe asikie, na mkewe Arlène alikuwa jikoni anasikia kila kitu. Kisha Seif akapanga vipande vya rula, akazungusha ngozi, akakaza, akazungusha, akakaza, goti lake likiwa juu ya kochi ili apate nguvu. Alikuwa akimwona baba yake. Alikuwa na miaka minane tena, na safari hii ndiye mkazaji.

"Weka hita mbele yake," alimwambia Arlène. "Ngozi ikikauka inakuwa chuma."

Na ikawa chuma. Tanga hewa ina maji, shuka likianikwa asubuhi jioni bado linakunung'unikia. Johannesburg mwezi wa Julai hewa ni kavu, midomo inapasuka, nguo zinakakamaa kwenye kamba kabla hujamaliza chai. Ukiongeza na hita, ngozi ile ilianza kujikunja kabla Seif hajafika kituo cha teksi.

Alasiri Emery alipiga simu. "Yaya, vidole vimevimba sana. Na maumivu haya si ya jana."

"Mfupa unashika. Vumilia, wewe mwanamume."

Jumatatu saa moja asubuhi alipiga tena, sauti imekuwa ndogo. "Vidole havinisikii tena. Vimekufa ganzi. Nikijaribu kuvinyoosha, huku kwenye kigasha kunawaka moto."

"Vimeacha kuuma? Alhamdulillahi! Maumivu yakiondoka ndiyo dawa imeingia."

Akakata simu, akaenda kazini akipiga mluzi. Hiyo ilikuwa ajabu, na walinzi wa getini waliizungumzia.

Chumbani alimkuta Biubwa, binti wa Unguja aliyekuwa akisomea tiba ya viungo. Ni mmoja wa wanafunzi wachache waliomwamkia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Leo kaa nikufundishe, maana hao maprofesa wako..." Akamsimulia yote: kliniki, dirisha, ngozi, rula, hita. Alisimulia kwa mikono miwili, kitambaa cha vumbi kikipepea. "Nimekaza mpaka mfupa hauna pa kwenda! Umekaa sawa kuliko wa huyu," akampiga Bwana Mkavu begani.

Biubwa hakucheka. "Vidole vyake vinacheza?"

"Vidole? Kilichovunjika kigasha, wewe unauliza vidole. Vimelala ganzi, vinapumzika."

"Tangu lini?"

"Alfajiri. Jana vilivimba kidogo..."

"Ami!" Binti alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Kucha zake ulizibonyeza? Zilirudi nyekundu au zilibaki nyeupe?"

Sasa hasira za Seif, ambazo zilikuwa zimepewa likizo ya siku moja, zikarudi kazini. Mbavu zake zilipanda na kushuka. "Unaniuliza mimi? Mtoto wa Hamdani? Mimi nimeshika mifupa hii kabla wewe hujajua kusoma!"

"Mifupa hii?" Biubwa alimwendea Bwana Mkavu, akamshika chini ya kidevu, akamnyanyua kutoka kwenye ndoano ya chuma iliyomshika, akamwachia. Bwana Mkavu akaporomoka sakafuni, kelele kama vyombo vya harusi. Miguu huku, mkono kule, taya limefunguka. "Haya ami. Mwambie asimame."

Seif aliinama kuokota taya. Miaka kumi na mmoja!

"Hasimami," Biubwa alisema, na sasa hasira zilikuwa zake. "Hana nyama ya kumvuta, hana kano, hana fahamu ya kumwambia simama, hana damu. Alikuwa amesimamishwa na chuma. Tena huyu si mtu, ami, ni plastiki, imeandikwa kisiginoni. Lete mkono wako! Shika kigasha chako hapo chini ya kiwiko. Cheza vidole."

Seif alicheza vidole. Chini ya kiganja chake alisikia nyama inatambaa.

"Umeona? Kidole hakina nyama ya kukikunja. Nyama yake iko huko juu, inavuta kwa kano ndefu mpaka ncha ya kidole. Na hapo hapo zimepita njia za damu na za fahamu, zote zimebanana. Mfupa ukivunjika nyama inavimba, inataka nafasi. Weye umeizungushia ngozi inayojikunja! Damu haishuki. Bila damu mfupa utaungana kwa kitu gani, kwa ukaidi? Na damu yenyewe inapikwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Vinalishana hivyo! Mfupa wa rafiki yako utakaa sawa, ami, sawa kabisa. Mkono ndio utakaokufa. Piga simu, mkewe akate, sasa hivi!"

Seif alipiga simu. Sauti yake hakuitambua. Arlène alisema anajaribu, mkasi wa jikoni unateleza, ngozi imekuwa kama gome. Seif alikwishafika barabarani, Biubwa nyuma yake na begi lake la mazoezi. Ndani ya teksi alimtukana dereva, akaitukana roboti ya kwanza, akaitukana ya pili. Ya tatu ilikuwa nyekundu, naye akaisomea dua, na dua hiyo ilimtisha Biubwa kuliko matusi.

Troyeville, Emery alikuwa kochini, uso umejaa jasho, hita bado inawaka miguuni. Mkono ulikuwa umelala juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Vidole vilikuwa vinene, vimepauka, baridi. Seif akaunyakua ule mkasi mkubwa wa Emery, mkasi ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata Arlène, hata kwa karatasi. Akaingiza ncha chini ya ngozi, akakata. Makali yalilia. Akakata tena, mkono wake mwenyewe ukitoka damu kwenye kidole gumba, akang'oa rula, kipande baada ya kipande, akivitupa ukutani huku akivitukana kwa majina.

Biubwa alibonyeza ukucha wa Emery, akahesabu kimoyomoyo. Weupe ulikaa. Ukakaa. Kisha rangi ikaanza kurudi, polepole mno, kama mtu asiyetaka kufungua mlango.

"Hospitali," alisema. "Na ami, huko dirishani, hasira zako zitie mfukoni."

Katika mapokezi ya dharura waliulizwa karatasi. Tarehe ilikuwa ile ile, imepita. Seif alifungua mdomo, akaufunga. Akatia mikono yote miwili mfukoni. Biubwa ndiye aliyeongea: saa ngapi mkono umefungwa, saa ngapi ganzi imeanza, vidole havinyooki. Yule wa dirishani aliinuka mwenyewe kwenda kumwita daktari. Hakuna hata mmoja aliyepaza sauti, na jambo hilo Seif aliliona kama tusi.

Daktari alisema watamchana kigasha kwa urefu, nyama ipate kupumua, halafu ndipo watengeneze mfupa. Kuhusu vidole atajibu baadaye. Emery alilazwa juu ya kitanda cha magurudumu, akageuza uso kumtazama rafiki yake.

"Jumamosi, yaya. Kule kliniki. Mbele yetu walibaki watu wanne." Akainua vidole vinne vya mkono wa kushoto. "Wanne tu."

Wakamsukuma ndani.

Seif alitoka uani, akampigia simu dada yake Mwanaharusi, Tanga. Alitaka mtu wa kumwambia kwamba ngozi ya huku ni mbaya, mbuzi wa huku ni wabaya, hewa ya huku ni mbaya. Alimweleza kwa kelele, watu wakigeuka. Mwanaharusi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukaifungua saa ngapi?" aliuliza.

"Kufungua nini?"

"Gango. Baba alikuwa akilifungua kila jioni, Seif. Analifungua, anabonyeza kucha, anaukanda mkono kwa mafuta ya nazi, anamwambia mtu acheze vidole. Ngozi inarudi kwenye maji mpaka asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiloweka, miaka sita, mikono inanuka beberu, wenzangu shuleni wananikimbia. Kushika kwako ncha asubuhi kulikuwa kazi ndogo. Wewe hukujua?"

Seif hakujua. Jioni alikuwa madrasa. Maisha yake yote alikuwa amejisifia nusu ya ufundi, na nusu nyingine ilikuwa jikoni kwa dada yake, ambaye hakuwahi kujisifia chochote.

"Mbona hamkuniambia?" alifoka.

"Uliwahi kuuliza?" Mwanaharusi akafoka pia, maana hasira za nyumba ile hazikumwendea mtu mmoja peke yake. Akakata simu.

Kigasha cha Emery kilikaa wazi siku tano, kikashonwa, kikatiwa chuma ndani. Fundi aliyakazia macho makovu yale, akasema mishono ni mipana mno, mwanafunzi wake akishona hivyo angemfukuza. Lakini vidole havikukunjuka. Vilikaa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshika kitu asichotaka kukitoa.

Biubwa alionyesha la kufanya: maji ya uvuguvugu, mafuta, kisha kidole kimoja kimoja, kunyoosha, kushikilia, kuachia, mara tatu kwa siku. Zamu ya asubuhi aliichukua Seif. Hakuombwa. Kila siku kabla ya kazi aligonga mlango wa Troyeville, akaketi, akauchukua mkono. Miezi miwili Emery hakumpa salamu. Alimpa matusi tu, ya Kiswahili, ya Kifaransa, na ya kwao ambayo Arlène alikataa kuyatafsiri.

"Polepole, mchinja mbuzi wewe!"

"Nyoosha."

"Mkono wangu unafikiri ni ngoma? Unauwamba ngozi?"

"Nyoosha, nimesema. Tusi moja, nyoosho moja."

Seif hakumjibu hata tusi moja. Alikwenda nayo yote mpaka Braamfontein, akayatoa kwa kusugua sakafu, na sakafu ile haijawahi kung'aa hivyo. Bwana Mkavu alimwunga mwenyewe kwa waya, akamrudisha kwenye ndoano. Hakumsalimia tena. Wanafunzi wapya walipomkodolea macho, aliwageukia na ufagio: "Mnatazama nini? Huyo ni mwanguko unaosubiri. Tazameni chuma kilichomshika!"

Mwezi wa kumi kidole gumba kilijibu. Kisha cha shahada. Cha kati kikafuata, kwa shingo upande. Viwili vya mwisho vilikataa na vinakataa hadi sasa, vimejikunja kwenye kiganja. Asubuhi moja Seif alimkuta Emery amesimama mezani, mkasi mkononi, ule ule wenye pengo lililoachwa na ngozi ya mbuzi. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandazwa. Aliingiza kidole gumba, akaingiza viwili, akabana. Mkasi ukasita, ukauma kitambaa, ukaenda. Arlène alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Kitambaa kikaachana.

"Simama wima," Emery akamwambia Seif. "Nikupime."

"Unipime kwa nini?"

"Kanzu. Na usiniulize, sijakusamehe."

Alimpima kwa utepe wa mpira, maana rula hakuwa nayo, na alilisema hilo mara tatu. Kanzu ilichukua wiki mbili. Ilishonwa vizuri sana: shingo, tarizi, pindo, kila kitu. Isipokuwa mkono wa kulia, uliokomea katikati ya kigasha, pale pale ilipoishia ngozi ya mbuzi. Wa kushoto ulifika kwenye kifundo.

Seif alitazama mkono mmoja, akatazama mwingine. Mbavu zikapanda.

"Umekosea!"

"Sijakosea," alisema Emery, akizungusha mkasi kwa vidole vyake vitatu. "Pima mwenyewe."

Sikukuu ya Idi iliyofuata, Seif alitembea Fordsburg nzima na kanzu ile, kigasha chake cha kulia kiko nje kwenye baridi. Waliocheka aliwatukana. Walioshauri aongezewe kitambaa aliwatukana zaidi. Na mwenye duka mmoja alipomwuliza kwa upole ni fundi gani huyo asiyejua kupima, Seif alimshika kola.

"Mwite tena asiyejua! Mwite!" alinguruma. "Huyo ndiye fundi bora wa mji huu, na mkono aliokatia kanzu hii mimi ndiye niliyeuua nusu!"

Akamwachia kola, akainyoosha kwa kidole, akaenda zake kuswali.